Nakala ya Nne

Jumatatu

Garimoshi la Nairobi liliondoka Miritini, Mombasa, saa mbili kamili asubuhi. Mizigo yetu ilikwisha kunuswa na mbwa, tikiti zikalinganishwa na vitambulisho, kila mtu akatafuta kiti chake. Mkobani nilikuwa na kitabu kimoja tu. Ndivyo nifanyavyo kila likizo ya Agosti: kimoja cha njiani, cha pili nakinunua niendako. Nilianza hivyo nikiwa mwalimu mpya, mshahara ukiisha kabla mwezi haujafika katikati, na miaka kumi na saba imepita sijaacha. Kitabu nilichokinunua Lamu nikikifungua leo nausikia upepo wa Lamu. Cha Kisumu vivyo hivyo.

Kutoka Mariakani hadi Voi nilisoma. Baada ya Voi nikafunga kitabu, maana Tsavo yenyewe yatosha kusomwa. Ndovu wanne walikuwa wamesimama mbali kidogo na reli, wekundu kwa vumbi la udongo ule kana kwamba wamepakwa hina. Nikawatazama hadi shingo ikauma. Mtito Andei, Kibwezi, Emali, kisha nyasi za Athi zikaanza na mbingu ikashuka.

Syokimau kulikuwa na manyunyu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na mtu wa pwani hulijua hilo kwa mifupa kabla ya kuambiwa. Nikapanda garimoshi dogo la kwenda mjini, kisha matatu hadi Pumwani. Khalati yangu, dada wa mama, anakaa Majengo, katika nyumba ya Kiswahili ya zamani, vyumba huku na huku na ukumbi katikati. Nilimkuta mlangoni, kanga mbili juu ya sweta.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani upesi, baridi hii haina adabu."

Kulikuwa na mahamri na mbaazi, kana kwamba sikuondoka kwetu.

Jumanne

Asubuhi nilitembea hadi mjini kupitia Gikomba, polepole, nikikanyaga pakavu. Adhuhuri nikaswali Msikiti wa Jamia. Nilipotoka nikasimama mbele ya Maktaba ya McMillan, ambayo ni jirani yake pale Mtaa wa Banda, nikawatazama wale simba wawili wa mawe. Kila nikija Nairobi nawapitia.

Safari hii nilijikuta nikipiga hesabu ya miaka. Msikiti ulianza kujengwa 1925 ukamalizika 1933. Maktaba ilifunguliwa 1931. Aliijenga mjane wa McMillan, yule tajiri mzaliwa wa Marekani aliyezikwa Ol Donyo Sabuk, iwe kumbukumbu ya mumewe. Kwa hiyo majengo haya mawili yalipanda pamoja, mafundi wakisikia nyundo za wenzao. Lakini maktaba ilikuwa ya Wazungu. Mwislamu mweusi aliyemaliza sala zake angeweza kutembea hatua chache tu akafika penye vitabu vile, ila ngazi zile hakuruhusiwa kuzipanda, na ikawa hivyo hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Kwetu Mombasa kulikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu 1903. Nilipokuwa msichana nilidhani maktaba zote duniani ziko wazi kwa kila mtu. Nakumbuka hasira niliyoipata siku nilipojua habari ya hii, na bado ninayo.

Baada ya hapo nikaenda kutafuta kitabu changu cha likizo. Kandokando ya Barabara ya Tom Mboya kuna wauzaji wa vitabu vya mtumba wanaotandaza turubai chini. Wanairobi huwaita "inama", maana huwezi kuchagua bila kuinama. Nilimkuta kijana mmoja mwenye vitabu vilivyopangwa kwa adabu, migongo yote ikielekea upande mmoja. Huyo nikamwamini.

"Karibu madam, kuangalia ni bure."

Sijui walimu tuna alama gani usoni. Aliponijua ni mwalimu akaniletea nakala za kitabu teule cha kidato cha nne, mpya kabisa, shilingi 200. Dukani ni karibu mara tatu ya bei hiyo. Nilikishika tu nikajua: karatasi nyepesi, herufi zimefifia upande wa kushoto, picha ya jalada ina ukungu. Ni kile kinachopigwa chapa gizani, mwandishi asipate hata senti. Nikamrudishia nikamwambia sitaki. Nilisema kwa sauti ya darasani, na mama mmoja aliyekuwa ameinama kando yangu akageuka kunitazama. Nilijisikia vizuri. Nayaandika haya kwa sababu ya yaliyofuata.

Nikanunua riwaya ya zamani ya Kiswahili kwa shilingi 150. Jalada limeshonwa upya kwa uzi mweusi, kazi safi ya mtu aliyekipenda. Ukurasa wa kwanza haukuwepo. Sikujali.

Usiku nikajifunika mablanketi mawili nikaanza kusoma. Nilipofika ukurasa wa 51 nikakuta muhuri wa zambarau katikati ya mazungumzo ya mke na mume: Mali ya Maktaba, jina la shule, na chini yake, kwa kalamu ya wino, namba ya usajili na maneno "Nakala ya 4".

Nikazima taa, lakini usingizi haukuja.

Jumatano

Asiyewahi kusimamia maktaba ya shule pengine haelewi ukurasa wa 51 una nini. Mimi nimesimamia ya kwetu miaka tisa. Kitabu kipya kikifika tunakipiga muhuri ukurasa wa kwanza, kila mtu auone. Kisha tunakipiga tena ndani, katika ukurasa tuliouchagua sisi wenyewe, ukurasa mmoja kwa vitabu vyote, na hatuutangazi. Huo ni ukurasa wa siri. Mwizi akichana wa kwanza, wa ndani unabaki kuwa shahidi. Na kitabu kikichakaa tukaamua kukitoa, kinapigwa muhuri mwingine wa kuonyesha kimeondolewa, ili atakayekinunua awe na amani. Hiki hakikuwa na muhuri huo. Nilikipekua chote, ukurasa kwa ukurasa. Nyuma kulikuwa na alama ya gundi pale kilipobanduliwa kifuko cha kadi.

Kwa hiyo kuna mtu aliyekichana kwa makusudi, na kitabu cha wizi sasa kiko chini ya mto wangu.

Wakati wa chai nikamwonyesha khalati. Aliitafuta miwani, akasoma jina la shule kwa sauti, akashangaa. "Hii si mbali. Iko hapahapa Eastlands." Mjukuu wake, aliye kidato cha tatu, akainua kichwa kutoka kwenye simu.

"Anti, hiyo shule ishasahau. Wewe umenunua na pesa yako."

"Nimenunua kwa nani?" nikamwuliza. "Aliyeniuzia hakuwa mwenyewe."

"Lakini hukujua."

Hapo alinibana, kwa sababu ni kweli sikujua. Sheria ya dunia na ya dini, zote mbili, zinamtofautisha anayejua na asiyejua. Ila kutojua kwangu kulikuwa na mwisho, na mwisho wake ulikuwa ukurasa wa 51, kama saa nne za usiku. Kabla ya hapo nilikuwa mnunuzi. Tangu hapo mimi ni nani? Tulibishana hadi mahamri yakapoa. Kijana alisema nikikirudisha nitakuwa nimeadhibiwa shilingi 150 kwa kosa la mtu mwingine. Akasema pia, na hili nililiona zito, kwamba kitabu kikiwa mikononi mwangu kitasomwa, na huko shuleni hakuna anayejua.

Khalati alikuwa kimya muda wote akikunja kitambaa cha meza. Mwishowe akasema, "Kilichookotwa hutangazwa mwaka mzima. Hiki kina jina la mwenyewe. Utangaze nini?"

Akainuka kwenda jikoni. Kijana akarudi kwenye simu yake.

Mimi nilibaki na jambo jingine ambalo sikulitaja mezani, na sioni haki ya kuliruka hapa. Kabatini shuleni kwetu Mombasa kuna nakala thelathini na mbili za kitabu teule kilekile nilichomrudishia mwuza vitabu jana kwa ile sauti ya darasani. Nilizitoa kopi mwenyewe. Wanafunzi wa darasa langu la vidato vya juu wengi hawakuweza bei ya dukani, basi nilichukua nakala yangu moja halali nikaipeleka penye mashine, kila mtoto akalipa shilingi 90, nikazibana kwa pini. Wakati ule nilijiona mwalimu mwema. Walifaulu, mmoja wao anasomea uuguzi. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haisemi kwamba kitabu kizima kinanakiliwa ikiwa mwalimu ana huruma. Na mwandishi wa kile kitabu yuko hai, ana watoto na ana kodi ya nyumba.

Mchana tulikwenda Makumbusho ya Reli, mimi na kijana. Tuliliona lile behewa ambamo simba alimtoa ofisa wa polisi Charles Ryall usiku wa mwaka 1900 pale Kima. Kijana alipiga picha nyingi. Mimi akili yangu haikuwapo.

Alhamisi

Msitu wa Karura, kupitia lango la Barabara ya Limuru. Nilikwenda peke yangu. Asubuhi yote jua halikutoka, na chini ya miti kulikuwa na giza la kijani ambalo sisi wa pwani hatulijui, giza lenye maji ndani yake. Nilitembea hadi penye maporomoko, kisha hadi kwenye mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijifichamo. Mbega watatu walinipita juu, mikia yao myeupe ikining'inia kama pindo za buibui la harusi, ingawa buibui ni jeusi na sijui kwa nini nililifikiria.

Nilikaa kwenye gogo nikafungua kitabu. Ndiyo, nilikuwa nacho. Niliamua Jumatano usiku kwamba kukisoma si kosa. Cha maktaba kimewekwa kisomwe. Lililobaki ni kama nitakirudisha.

Lakini sikusoma kurasa nyingi. Karura ina takriban hekta 1,000, na mwaka 1998 ilijulikana kwamba vipande vyake vimekwisha kugawiwa watu wajenge. Waliovigawa walikuwa na karatasi. Waliogawiwa nao walikuwa na karatasi, na pengine baadhi walinunua kwa watu waliokwisha kununua, kwa nia safi, wakalipa fedha halali. Wangari Maathai alikuja hapa Januari 1999 na wenzake kupanda mti mmoja tu langoni. Wakapigwa. Yeye alipasuliwa kichwa, akaenda hivyo hivyo hadi kituo cha polisi cha Muthaiga, na alipoambiwa atie sahihi taarifa yake aliitia kwa damu yake mwenyewe. Tuzo ya Nobel ilimfika miaka mitano baadaye. Nilipokuwa nimekaa pale, mtoto wa miaka kama minne alipita akikimbia mbele ya baba yake, akipiga kelele kwa furaha ya kusikia sauti yake ikirudi.

Nilikulia katika mtaa ambao bomba la maji la umma likivunjika watu walisema, "Si la mtu." Maneno hayo nimeyasikia kwa majirani, kwa wakubwa, hata kwa walimu wenzangu tukiwa tumekaa kwenye viti vya shule vilivyovunjika mgongo. Nakala ya nne nayo si ya mtu. Ni ya mtoto ambaye hajafika bado sekondari. Siwezi kumwonyesha kwa kidole, na kwa sababu hiyo ni rahisi sana kumwibia.

Ijumaa

Nilirudi kwa mwuza vitabu. Nilihofu, nakiri. Sikutaka anidhanie mpelelezi, na sikutaka pia kumdai pesa. Hasara ile nisingependa imwangukie yeye ambaye siku ya mvua hauzi hata kimoja. Nikamngoja hadi wateja walipopungua, nikamfungulia ukurasa wa 51.

Hakushtuka. Aliusoma muhuri, akakuna shavu.

"Hii sikuiona, madam. Hizi hatuletewi moja moja. Tunanunua kwa kilo, kwa watu wa karatasi kuukuu. Ukitoka hapo zinaenda kusagwa, ama zinaenda kwa mama wa njugu." Akaokota kijitabu kilichochanika akakunja ukurasa mmoja kuwa koni, vile wanavyofanya wauza njugu, akaniinulia. "Hii yako ningechelewa siku moja tu, ingekuwa hivi. Mimi ndiye nimeishona huo uzi."

Uzi ule mweusi. Nilidhani ni wa msomaji fulani wa zamani aliyekipenda. Alikuwa yeye, na sindano yake ilikuwa imechomekwa kwenye ukosi wa jaketi.

Sikuwa na jibu. Nilikuja nikiwa na picha ya mnyororo wa wezi, na yeye ndiye kiungo cha mwisho. Kumbe bila yeye hakuna cha kurudisha. Nilimweleza ninavyotaka kufanya. Akaniuliza kama nitawaambia shule nimekitoa wapi. Nikamwambia hapana, na nilikusudia hivyo. Akanitaka nichague kingine bila kulipa. Nikakataa, nikanunua kamusi ndogo kwa 100 kwa ajili ya mjukuu wa khalati. Vile vitabu teule vya chapa ya gizani vilikuwa bado pale pembeni ya turubai. Sikusema neno juu yavyo. Siku ya Jumanne ningesema.

Kutoka hapo nikaenda Kaloleni. McMillan ina matawi mawili Eastlands, hili na la Makadara, na la Kaloleni limekarabatiwa miaka ya karibuni. Nilitaka kuona tu. Ni jengo dogo la chini, na kwa kuwa shule zimefungwa lilijaa watoto. Msichana mmoja wa miaka kama tisa alikuwa amekaa sakafuni, viatu amevivua, anasoma huku midomo ikicheza. Alipofika mwisho wa ukurasa alikilamba kidole chake, akageuza, akaendelea. Msimamizi alipopita aliinama akamnong'oneza kitu, labda habari ya kulamba, na msichana akaifuta karatasi kwa mkono wa sweta. Nilikaa pale dakika arobaini. Hakuna aliyeniuliza nataka nini.

Usiku nikaimaliza riwaya. Ni kitabu kizuri. Yule mke wa ukurasa wa 51 alikuwa na haki tangu mwanzo.

Jumamosi

Khalati alisisitiza tuende pamoja. Alivaa viatu vyake vya harusi na misiba. Langoni soja alikuwa anajipasha moto kwenye jiko la makaa, redio ndogo sikioni.

"Shule imefungwa, mwalimu," akasema kabla sijajitambulisha.

Nikamweleza. Ilibidi nirudie mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani nataka kuuza kitabu. Akampigia simu naibu wa mwalimu mkuu, kisha akanipa simu niongee mwenyewe. Mwalimu yule alikuwa safarini, nyuma yake nikisikia honi na watoto. Alinisikiliza bila kusema kitu.

"Umesema muhuri uko ukurasa wa ngapi?"

"Hamsini na moja."

Akanyamaza kidogo. "Ni chetu," akasema. "Ukurasa wetu ni hamsini na moja."

Akaniambia ukweli, na namshukuru kwa hilo. Chumba cha maktaba walikigeuza darasa wanafunzi walipozidi. Vitabu vilivyobaki viko kwenye makabati mawili ofisini kwake, na havitoki sana. Nakala nyingine za riwaya ile hajui ziko wapi. Atakiweka kabatini.

Nilimrudishia soja simu, kitabu bado kimo kwapani mwangu. Kabatini! Barabara ya Tom Mboya kingepata msomaji kabla ya Ijumaa ijayo. Kwangu Mombasa kingesomwa na darasa zima. Kijana alikuwa amenionya Jumatano, na sasa maneno yake yalikuwa mbele yangu, sawasawa kama alivyoyasema. Nilimtazama khalati nikitumaini ataniambia tugeuke.

"Mbona umekishikilia?" akauliza.

"Hawatakisoma, khalati."

"Hilo watajibu wao. Wewe ulikuja kwa lipi?"

Nikampa soja. Yeye akavuta daftari lake kubwa la matukio, akalaza rula, akaandika tarehe, saa nne na dakika ishirini, na maneno: "Kitabu kimoja cha maktaba kimerudishwa." Kwenye safu ya jina aliniuliza aandike nani. Nikasema aandike "msomaji". Alisita, kisha akaandika. Tulipofika njia panda niligeuka nyuma. Alikuwa amevuta kiti karibu na jiko, redio ameiweka chini, na kitabu kimefunguliwa mapajani.

Jumapili

Garimoshi la asubuhi, na sina kitabu. Kile cha kuja nilikimaliza, na cha Nairobi hakikuwa changu. Ni mara ya kwanza katika miaka kumi na saba kurudi hivi. Khalati amenifungia mahamri kwenye kitambaa, na yule mjukuu wake alinisindikiza hadi Syokimau bila kuombwa. Njiani aliniuliza kama shule inaweza kulipia leseni ya kutoa kopi, maana alitafuta mtandaoni usiku akaona kuna shirika la KOPIKEN linalotoa leseni hizo kwa niaba ya waandishi na wachapishaji. Kumbe habari ya kopi zangu nilimsimulia khalati kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani.

Tumepita Emali. Nyasi zimeanza kuwa za njano, na nimevua sweta. Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nakala ziko kabatini, rafu ya chini, thelathini na mbili, nimezifunika kwa magazeti. Ufunguo ni mmoja tu, na ninao hapa mkobani.